Kizazi

Doa lilikuwa dogo, kama senti ya zamani,
kwenye shuka nililolinunua Sibu kwa riali mbili na nusu.
Mwaka na miezi miwili nilikuwa mkavu,
pedi zangu nimeshagawa,
nimecheka, nimesema: nimestaafu.
Nikalifua kwa maji baridi na chumvi,
nikalianika. Likakauka kabla sijageuka.
Jua la Juni hapa Al Khoud halina subira.

Miezi mitatu nilifua, sikusema.

Daktari alikuwa msichana wa Ibri, kucha fupi, sauti ya taratibu.
Hakuniuliza kwanza tumbo. Aliniuliza watu.
Akachora: wanawake miduara, wanaume miraba,
aliyeugua akampaka wino.
Bibi yangu Shinuna, kaburi lake Unguja,
"tumbo la damu," nikasema, miaka arobaini na sita. Wino.
Khalati Thuwayba, Dubai, kizazi. Wino.
Mjomba Hilal, aliyerudi na redio moja na watoto watano: utumbo. Mraba, wino.
Mama. Nilinyamaza kidogo. Akasubiri. Wino.
Karatasi ikawa kama mkeka uliodondokewa na makaa ya chetezo.

Sisi tulisema jicho. Tulisema maji ya kisima kile.
Tulisema Mungu kapenda, na hilo sijalifuta.
Kumbe ukoo wetu una jina vitabuni,
jina la mwanamume asiyewahi kunywa kahawa yetu.

"Herufi moja," alisema, "imenakiliwa vibaya."
Chuoni ukikosea irabu, mwalimu alikurudisha mwanzo wa aya.
Huku hakuna aliyeturudisha.

Kwenye mirathi nimezoea fungu langu, nusu ya la kaka.
Hii haikwenda kwa kadhi.
Mwana na binti sawasawa,
kila mimba, sarafu hewani.

"Umewahi," akasema. Mama hakuwahi.
"Kizazi tukitoe."
Yeye alisema kwa Kiarabu, mimi nikatafsiri kichwani,
na lugha ya mama ikanicheza shere:
kizazi ni kile kifuko, ngumi ya nyama chini ya kitovu;
kizazi ni bibi, na mama, na mimi, na Shamsa.
Kimoja kilitoka Jumanne, kwa kisu, nimelala.
Cha pili kinanipigia simu kuuliza nimekula nini.

Nilimpigia dada Zuwena, Sur. "Wapime wanao."
Kimya. Nikasikia sufuria, nikasikia katuni za wajukuu.
"Binti yangu ana posa," akasema. "Usitutie doa."
Neno lile lile.
Nilitaka kumwambia: dada, mimi doa nimelifua miezi mitatu,
nalijua halitoki kwa kufichwa.
Nikasema: "Haya. Posa njema."
Usiku nikamtumia namba ya kliniki.
Alama mbili, zikawa buluu. Basi.

Shamsa kaja na basi kutoka Nizwa, miaka kumi na tisa,
begi halijamtoka mgongoni,
kakaa ukingoni mwa kitanda changu anamenya chungwa.
Namwonyesha karatasi. Namwambia yote,
hata ya bibi, hata ya shuka.
Anaweka kidole juu ya mduara wake, mweupe.
"Na huu, mama? Watu huuacha hivi hivi?"
"Wengine huuacha."
"Na ukishajua?"
"Ukishajua, unachunguzwa mapema. Unaamka alfajiri ukiogopa, halafu unakwenda kazini."

Ganda linashuka refu, halikatiki.
Anahesabu vipande kwa sauti, kama alipokuwa mdogo:
vitano vyangu, vitano vyake.
Cha kumi na kimoja
tumekiacha kwenye kisahani, baina yetu.