Sahani ya Kupeleka

Usiku wa kuamkia bonane Kadutu hailali.
Umeme umekatika tangu Jumanne,
kwa hiyo kila nyumba inajulikana kwa makaa yake,
jicho jekundu juu ya jicho jekundu,
mlima mzima unatutazama.

Mama alikuwa na sahani sita.
Tano zilikuwa sahani tu.
Ya sita, nyeupe, mdomo wa buluu,
ilibanduka rangi ukingoni siku Cirhuza alipoiangusha
akikimbizwa na bata mzinga wa mapadri.
Hiyo ndiyo ilikuwa ya kupeleka.
"Ya kulia na ya kupeleka hazichanganyiki,"
alisema, akiifuta kwa pindo la kitenge
mpaka nikaiona pua yangu ndani yake.

Wali. Sombe iliyotwangwa tangu alfajiri.
Sambaza za kukaanga, vichwa vyote vikielekea upande mmoja
kama watoto wa shule mbele ya bendera.
Nyama kama ipo; kama haipo, mchuzi wa mwaka uliokuwa nayo.
Halafu kitambaa, na kile kifundo
ambacho yeye peke yake alijua kukifunga.

Mwaka ule mshahara wa baba, mwalimu wa darasa la nne,
ulikuwa njiani.
Tangu Septemba ulikuwa njiani;
tulidhani unakuja kwa miguu kutoka Kinshasa.
Mama alianza vilevile kwa ile ya kupeleka.
Chungu kikabaki na sauti ya mwiko.

"Nabintu, mpelekee Mama Zihalirwa."
Nikadhani sijasikia vizuri.
Zihalirwa, aliyegeuza mfereji wa mvua
ukapita katikati ya jiko letu,
aliyemtukana mama bombani
maneno ambayo hata leo siyaandiki?
"Yule yule," mama akasema.
"Wengine wana ndugu wa kuwapelekea."

Ngazi themanini na mbili, zilizochongwa kwa jembe.
Sahani kichwani, mvuke shingoni.
Harufu za nyumba zote zilikuwa zikishuka,
mimi peke yangu nikipanda na yetu.
Alifungua mlango nusu.
Akaitazama sahani. Akaitazama miguu yangu.
Akapokea, akafunga.

Januari ikaisha.
Februari, mvua. Machi.
Kwetu sahani hairudi tupu, kila mtoto anajua:
utatia chumvi, utatia ndimu,
utatia hata majani ya chai ya kuchemsha mara moja.
Kwa hiyo isiporudi, hakuna haja ya kuuliza.
Mama alilijua hilo kabla yangu.
Akihesabu vyombo alisema "sita",
akanyoosha vidole vitano.

Bonane iliyofuata, jogoo bado anasafisha koo,
hodi.
Mama Zihalirwa mwenyewe,
ameshuka ngazi zote na goti lake bovu.
Sahani. Kitambaa chetu kimefuliwa.
Kifundo ni kile kile cha mama, mkunjo kwa mkunjo
(alikaa nacho usiku mangapi kabla ya kukifungua?)
Ndani, mayai manne.
"Moja limepasuka njiani," akasema,
"msifikiri nililichagua."
Hayo tu, kwa mwaka mzima.
Mama akacheka mpaka akashika mlango,
akamvuta ndani kwa kiganja.
Tuligawana kwanza lile lililopasuka.

Sasa ninakaa Nguba, nina sahani ishirini na nne,
zote za kulia.
Cirhuza yuko Kolwezi, anatuma pesa kwa simu.
Ujumbe unasema: umepokea.
Hausemi inanukia nini.

Ile yenye mdomo wa buluu haipo kwangu.
Mwaka jana nilipanda nayo Kadutu,
ngazi siku hizi ni za saruji, nilihesabu sabini,
nikamkabidhi mjukuu wa Zihalirwa, binti mwenye mtoto mgongoni
na mlango wa bati usio na kitasa.

Haijarudi.
Leo ni tarehe thelathini.
Nimehesabu vyombo: ishirini na tano.