Leso Sitini

Saa nane za usiku, maabara ya Malindi,
feni inazungusha joto lile lile.
Nimeletewa vioo viwili, damu ya nyumba moja:
Dzame, miaka minne. Mwaringa, miaka sita.
Wanalala Muyeye, chini ya chandarua kimoja
chenye tundu lililoshonwa kwa uzi wa gunia.

Namwaga rangi, nahesabu dakika kwa saa ya ukutani
ambayo huchelewa, nami najua huchelewa kiasi gani.
Nasuuza. Nakausha. Tone la mafuta. Nainama.

Pete.
Pete ndogo za zambarau, kila moja na kito chake,
kioo cha kwanza, kioo cha pili.
Ningechanganya vibandiko, nisingejua nani ni nani.

Lakini huko wadini Mwaringa anapuliza glavu,
ameichora macho kwa kalamu ya nesi, anaiita kuku,
na Dzame macho yamepinduka juu,
meno yameumana, mikono inavuta kamba
ambayo sisi wengine hatuioni.

Mbeyu, mama yao, amesimama mlangoni pangu
ingawa mlango umeandikwa usiingie.
"Daktari," (mimi si daktari) "hii ni homa moja au mbili?"
"Moja," nikasema.
"Basi mbona?"

Hiyo mbona niliibeba hadi kukucha.

Shangazi yao alikuwa ameshasema ni dege,
limepita juu ya makuti likaacha kivuli.
Nesi alicheka. Mimi sikucheka.
Kitu kilitua kweli. Kilitua,
kikashika, kikakataa kuruka.

Kimelea kikiingia ndani ya chembe nyekundu
hakiridhiki na chumba. Hutoa protini nje, ukutani,
huivalisha chembe ya watu leso yake.
Kinazo kama sitini, zimekunjwa ndani ya jeni
kama sanduku la bibi arusi,
wala hakijitandi mbili kwa pamoja.
Mwili ukishaisoma hii, ukaweka walinzi,
chenyewe huko ndani kishabadilisha.

Na kila leso na jina lake.
Moja imeandikwa: Napita tu, jirani.
Nyingine: Nimekuja na wenzangu.
Na ipo moja, si ya kila siku,
ikifika kwenye vijia vyembamba vya ubongo
hukuta komeo la saizi yake, ikajifunga:
Sibanduki hapa.
Chembe moja, kumi, elfu,
zimesongamana kama watu mlangoni pa arusi,
na damu nyuma yao inapiga hodi, haipiti.

Hadubini yangu haioni leso.
Inaona pete tu.

Nilichota kidogo, mama akatia dole gumba,
chupa zikaondoka asubuhi ndani ya barafu.
Wiki tisa. Karatasi ikarudi, mistari miwili:
wa Mwaringa, kundi la kawaida;
wa Dzame, lile.
Haikuandikwa mbu alikuwa mmoja au wawili.
Haikuandikwa mbona.
Labda kaka yake aliwahi kuisoma leso hiyo,
mwilini, gizani, kabla hajajua kusoma.
Labda. Hilo ni langu, halimo kwenye karatasi.

Dzame alipona, kama neno ni hilo.
Mkono wa kushoto husahau ulichoshika.
Kuku anamwita "kile", na kikombe "kile",
na Mwaringa humwambia jina, kila mara, bila kuchoka,
halafu mara nyingine anachoka.

Walikuja juzi kupimwa uzito.
Mbeyu alikuwa amembeba mgongoni kwa leso ya kijani,
mguu wa mtoto umefunika maandishi,
zimebaki herufi mbili za mwisho.
Nilitaka kumwomba ageuke kidogo.
Sikumwomba.
Mezani palikuwa na kioo kingine kinakauka,
cha mtoto wa Barani, sijui kinavaa nini.