Nafasi ya Kwanza

Kila Desemba duka la Masalu pale Kirumba
hufungwa saa kumi, redio mbovu zikasukumwa ukutani,
nasi tukakaa juu ya makreti kuchagua nyimbo kumi
za mwaka mmoja. Si kumi na moja. Kumi.
Mimi ndiye karani. Daftari ninalo tangu tukiwa kumi na wanane.
Sasa tumebaki saba, na Bulugu hasikii sikio la kushoto.

Mwaka wenyewe huokotwa ndani ya kofia.
Safari iliyopita ulitoka themanini na mbili; tuligombana hadi jogoo,
Majura akaapa hatakunywa tena chai na mtu asiyejua besi.
Kesi yetu kubwa haijaisha hata leo:
wimbo umerekodiwa Dar mwezi wa kumi na moja,
kaseti ikapanda treni, ikalala Tabora, ikala vumbi,
ikatufikia Machi. Huo ni wa mwaka gani?
Wa aliyeuimba, asema Majura.
Wa aliyeusubiri, nasema mimi.

Safari hii mkono ulikuwa wa Nyanzobe.
Akaikunjua karatasi, akaisoma kimya,
akailaza gotini kama risiti ya kitu alichokwisha kulipa.

Tisini na sita.

Mtu akasema turudishe, tuokote mwingine.
Masalu akaitazama kofia yake kana kwamba ndiyo iliyokosa.
Mji huu mwaka ule hauitwi kwa namba.
Unasema "mwaka wa meli", na mwenzako anashusha sauti.
Nakumbuka mwezi wa tano: redio kumi na moja humu dukani,
zote zinaongea, hata moja haiimbi.

"Usirudishwe," alisema Nyanzobe. "Miezi ilikuwa kumi na miwili.
Watu walioana mwaka ule. Mimi mwenyewe nilisuka nywele."

Basi tukaanza, kwa adabu isiyo yetu.
Bulugu alitaja ule wa Igogo Stazi,
wenye gitaa linalolia kama bawaba ya mlango wa jirani.
Majura akataja mbili, zote besi tupu, na hakuna aliyembishia.
Kalamu yangu ilisikika ikitembea.

Ikafika zamu yake.
"Wangu sijui jina. Kaka yangu Lushinge aliupiga mluzi
akinyoosha shati, asubuhi ya kuvuka kwenda Bukoba.
Nikamwambia anyamaze, mtoto amelala.
Akasema: nikirudi nakuletea kaseti yake."
Kisha akaupiga, pale pale, mluzi wa mama wa miaka sitini,
pumzi nyingi, sauti haba.

Lo, sote tuliujua!
Masalu alipanda ngazi, akashusha maboksi,
tukazungusha kwa kalamu tepu zilizolegea.
Tukampigia wa kwanza, wa pili, wa tano.
Kila mara aliinamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho,
asimkatize mwimbaji,
ndipo akasema: si huo. Umekaribia, lakini si huo.
Kwenye wa sita alifumba macho kiitikio kilipoingia.
Nikaona meno ya Masalu.
"Huu mzuri," akasema. "Mwaka mzima ule sikuusikia. Uandike wa pili."

Nimeuandika. Wa pili, wa tatu, hadi wa kumi.
Kwenye nafasi ya kwanza nimeweka namba, nukta, na mstari mtupu,
na pembeni, kwa penseli, kadiri nilivyoweza:
juu, juu, chini kidogo, kimya, juu.

Tulikuwa tunafunga, harufu ya dagaa ikipanda kutoka Mwaloni,
Nyanzobe alipogeuka mlangoni.
"Na kama aliusikia Desemba ya nyuma yake? Tisini na tano?"

Bulugu akauliza kasema nini.
Masalu akarudisha kreti chini, akakalia.
Majura alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza
katika miaka yote hii
akanitazama mimi.