Bado Kata Saba

Saa kumi na mbili na robo, chai haijachemka,
redio ya jirani imeshanistaafisha.
"Mama Anansia atajitoa leo, au kesho?"
Hakuna anayeuliza kama nitajitoa.
Hapo walishavuka. Sasa wanabishania siku.

Pale Mnara wa Saa gazeti limebanwa kwa vibanio vya nguo,
herufi nyeusi kama masizi: ANASUBIRI NINI?
Picha ni ya mwaka juzi, msibani kwa shemeji,
nimeshika leso puani.
Ukipita haraka utadhani nalilia kura.

Hesabu siifichi. Kata kumi na nne zimepiga:
yeye mia nne tisini, mimi mia tatu na sita.
Bondeni nilipigwa. Kiusa nilipigwa mpaka nikacheka.
Rau walinipa kura tisa,
na hadi jana watu thelathini wameniapia,
mmoja mmoja, kwa Mungu wao,
kwamba wamo katika wale tisa.

Mchambuzi katoka Dar es Salaam na shati la mikono mirefu.
Siku tatu yuko hotelini, mlima hajauona, mawingu.
Mimi ameniona vizuri sana.
Amesema hewani kwamba hesabu imekataa,
kwamba kwa umoja wa chama
mwanamke mwenye busara husoma alama za nyakati.
Nimezisoma. Nimesoma pia deni la vipaza sauti,
laki nne na nusu, na tarehe ya kulilipa.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa mizani,
chama cha msingi, msimu wa kahawa.
Gunia likitua, mshale hutetemeka.
Mkulima wa nyuma anakohoa, lori linaunguruma,
bwana mkubwa anasema andika, mama, andika,
si unaona kilo zenyewe?
Sikuandika.
Mshale utulie, ndipo kalamu iguse karatasi.
Wengi walinichukia kwa hilo,
na hakuna aliyerudi kudai kilo yake.

Juzi wakaniita studio. Kuta zimebandikwa trei za mayai.
Kijana Aminieli aliniuliza swali moja mara tano,
kila mara kalivalisha koti jingine:
Hujachoka? Familia inasemaje? Kwani unataka nini hasa?
Nikamwambia, baba, nimepitia orodha ya mji huu mzima,
Pasua ipo, Njoro ipo, Shirimatunda ipo,
Kata Tamaa sijaiona.
Akacheka. Akakumbuka yuko kazini, akaacha.

Taa nyekundu ilipozimika akavua visikilizio,
akanong'ona huku akitazama mayai yasiyokuwepo:
"Mama yangu ni mjumbe, Msaranga. Zamu yao Jumapili.
Kitenge ameshakipasi.
Kasema nikikutoa kabla hajapiga, nisikanyage kwake."
Taa ikawaka. Sauti ikarudi ile ya redio:
"Msikilizaji, shinikizo linazidi kumwelemea..."

Usiku nimekaa na kikokotoo cha mwanangu.
Nimemwuliza kwa upole, nimemwuliza kwa ukali.
Hakunibembeleza.
Huenda wale wa gazeti wako sahihi kwa kila tarakimu.
Ila kuna mwanamke Msaranga, simjui sura,
amening'iniza kitenge nyuma ya mlango.
Nikitoka leo, Jumapili ataamka mapema,
atapanga foleni, apewe karatasi,
achague jina moja kati ya jina moja.

Simu imeanza. Namba ya gazeti.
Nimeiacha mezani, kando ya sufuria la kiburu.
Inatetemeka, inasogea kidogo kidogo kwenye mbao,
inatafuta mahali pa kusimama.
Ngoja itulie.