Nimeandika Nne

Fomu ililetwa na kijana mpole wa utawala
pamoja na mishumaa ya vanila, mmoja kwa kila muuguzi,
ndani ya ile nusu saa pekee ya kula.
"Kuanzia sifuri hadi kumi, umechoka kiasi gani?"

Lakini swali hilo ni langu.
Mimi ndiye mwenye kuliuliza, kitanda kwa kitanda,
kila alfajiri, penseli imeinama juu ya karatasi
kama kuku juu ya punje.

Nikaandika nne.
Tano ingeniita ofisini, mlango ufungwe, niulizwe habari za nyumbani.
Saba ingenipa likizo,
na likizo yangu ingemwangukia Yasna
mwenye zamu mbili tayari na mtoto wa kunyonya.
Nne, basi. Nne ni namba ya mtu mzima.

Mishumaa tukaifungia kabatini, rafu ya chini,
pamoja na nyembe, mikanda na kamba za viatu.
Moto hauruhusiwi wodini.

*

Don Belisario amekata manyoya ya kondoo miaka arobaini.
Mikono yake bado hufumba na kufumbua mkasi usiokuwepo.
Amenisimulia kifo cha mdogo wake mara tatu.
Mara ya kwanza nililia chooni, bomba nimelifungulia nisisikike.
Mara ya pili nilimshika mkono.
Mara ya tatu nilisikiliza friji ya dawa inavyonguruma,
nikaitikia panapostahili,
kama mtu ajuaye sala zote na haombi chochote.

Kisha nikajaza faili. Yasna ndiye aliyeona:
nilikuwa nimeandika jina la yule mdogo.
"Anselmo amelala vizuri. Amekula uji wote."
Akapiga mstari kwa kalamu yake,
akaandika jina la aliye hai juu ya jina la maiti,
akaniachia nusu ya mkate wake. Hakusema kitu.
Afadhali angesema.

*

Husemwa kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.
Langu linavuja, sikatai, ila linavuja vyangu:
siku aliyozaliwa Nahuel,
jiko nililoliacha likiwaka,
ladha ya supu niliyoipenda.
Vya watu vimebaki vyote. Naweza kukutajia
rangi ya soksi za marehemu nisiyemjua.

Na neno langu limekuwa kama kikohozi. Naelewa.
Nimemwambia muuza mikate aliposema mikate imekwisha.
Nimeiambia mashine ya benki kwenye simu.
Nimemwambia Nahuel kupitia mlango alioufunga,
naye akajibu, "Sijasema kitu bado, mama."

*

Oktoba, Punta Arenas. Upepo umerudi
kutoka huko kusiko na miti wala mtu wa kuuzuia.
Manispaa imefunga kamba pembeni mwa uwanja,
wapita njia washike wasichukuliwe.
Natoka zamu saa mbili asubuhi, ufunguo wa wodi shingoni,
nawaza: kule ndani tunawanyang'anya kamba ili waishi,
huku nje tunafungiwa kamba ili tuishi,
na mlango wenyewe mmoja.

Nimeishika kwa mikono miwili.
Karani amepita. Wanafunzi wamepita wakicheka, sketi zimewavimba.
Bibi mmoja amepita na mbwa wake ndani ya koti.
Halafu upepo ukakatika ghafla, kama unavyopenda kukatika,
bendera ikalala kwenye mlingoti,
karatasi ya peremende ikatua kwenye kiatu changu,
nami bado nimeshika.

"Samahani, dada," mtu akasema nyuma yangu, "tupishe."

Naelewa, nikamwambia.
Naelewa.

Vidole havikuelewa.