Barabara ya Zamani, Al Hamra

Daktari alisema sukari imepanda, nitembee.
Nikamwambia goti halitaki.
Basi endesha baiskeli, akasema,
lakini si kwenye lami, Bwana Mbarouk,
kule wanakimbizana kama wameibiwa.

Ndipo nikarudi huku.
Pamesahauliwa tangu lami ipite ng'ambo ya korongo:
kilomita kumi na tisa za kokoto,
kutoka kituo cha mafuta kilichobaki nguzo mbili na choo
hadi mitende ya mwisho, mlima unapoanza kusimama.
Hakuna honi.
Alfajiri, jua halijapata kushika mawe,
mbuzi wananipisha shingo upande
kama wakwe wasiotaka kusalimiwa.

Kokoto zina lugha.
Nyeupe, ndogo, zinasema shwa, shwa, mchele kwenye ungo.
Nyeusi za korongoni, mviringo, hizo zinanyamaza,
na ukizikuta usibane breki,
legeza mikono, tairi litajua.
Haya nilifundishwa na Azzan, fundi wa Bahla,
miaka ishirini na miwili na subira ya mtu wa sabini.
Alinipunguzia upepo. Nikalalamika.
"Tairi gumu linagombana na njia, mzee.
Laini linaongea nayo."

Lakini matuta!
Madogo madogo, yamepangana kama mbavu,
kila moja linapanda kiwiko, bega, meno ya bandia.
Nimeyatukana kwa Kiarabu,
kisha kwa Kiswahili cha mama, aliyetoka nacho Wete,
ambacho kwa matusi hakina mpinzani.
Na katikati ya tusi la tatu nikanyamaza.
Aliyeyachimba ni nani?

Ni mimi.
Miaka ishirini na mmoja, lori la maji,
safari nne kwa siku, vijiji vinne vikingoja na mapipa.
Kila gurudumu lilirukia palepale liliporukia jana.
Vumbi langu lilikaa kwenye nguo walizoanika watu.
Watoto walikimbia nyuma wakiliita lori kwa jina,
langu hawakulijua.
Dirisha nimefunga, redio nimefungua,
na kama ungeniuliza kona ile ina mti gani
ningekujibu: kona ipi?

Ni mkunazi. Umenizidi umri.

Leo, kilomita ya kumi na moja, chini yake, mwiba.
Tairi la nyuma likaanza: sss.
Nikaketi kivulini, nikatoa kiraka, gundi, pampu,
nikangoja upepo uishe.
Ukaisha.
Tairi likalala bapa kama chapati ya jana.
Na ile sss ikaendelea.

Nikadhani ni masikio, sukari huchezea mengi.
Nikalibonyeza tairi la mbele. Zima.
Nikalala kifudifudi kwenye barabara yangu mwenyewe,
nani angenigonga?
nikatega sikio kwenye kokoto.

Maji.
Falaji ya watu wa kale, chini ya ardhi,
inashuka taratibu kutoka mlimani kwenda mashambani,
imechimbwa kwa mikono ya watu
ambao hata makaburi yao hayana majina.
Miaka ishirini na mmoja nilibeba maji
juu ya maji,
nikipiga honi.

Sikujua nicheke au niombe radhi, na kwa nani.
Niliziba tairi. Nilipiga pampu mara tisini,
nikazihesabu kwa Kiswahili, sijui kwa nini.
Ghania akapiga simu: umefika wapi?
Nikasema, sijui jina la hapa.
Akasema, si ulikuwa unapita kila siku?
Nikasema ndiyo,
nilikuwa napita.