Mapato na Matumizi

Kikao kimefunguliwa saa kumi na dakika arobaini,
kwa kuwa akidi ilikuwa ufukweni ikianua dagaa.
Mimi, Nyanjura Magesa, mweka hazina kwa mwaka wa tisa,
nimesimama mbele ya viti ishirini na vitatu
(vitatu vina miguu ya kuazima)
nisome mapato na matumizi ya Ghala.

Tunaliita Ghala mpaka leo, ingawa pamba
iliondoka Nansio pamoja na ushirika
kabla mwenyekiti wetu hajaota meno.
Inua macho kwenye kenchi:
nyuzi nyeupe bado zimeng'ang'ania misumari,
mvi za mtu aliyekataa kustaafu.
Humu watu wazima wamejifunza kuandika majina yao.
Humu watoto wamepimwa uzito kwa mzani wa marobota,
abiria wamelala siku kivuko kilipoharibika,
na sisi tumegombana hadi sauti zikakauka,
tukaombana radhi papo hapo,
maana mlango wa kutokea ni mmoja.

Mapato.
Kadi za mchango zilizochapwa: mia moja.
Zilizorudi na pesa: thelathini na moja.
Zilizorudi zimefungiwa karanga: mbili.
Simtaji mtu. Ila wamo humu
waliochangia harusi ya jirani laki nzima
wino wa kadi haujakauka,
na bati moja la Ghala wanaliahidi tangu Pasaka.
Sikusema Pasaka ipi.

Mama Nyabwire alileta sado moja ya dagaa.
"Noti sina. Wapigeni mnada."
Tukawapiga. Lukonge wa duka la vipuri akawanunua,
akawarudisha mezani. Tukawapiga tena.
Mkunga akawanunua, akawarudisha.
Fundi cherehani, hivyo hivyo.
Mwalimu wa kwaya akapandisha bei kwa hasira tu,
baada ya mtu kumwambia hawawezi.
Dagaa wale wale, jua lile lile,
mpaka wakawa mabati sita na kilo nne za misumari.
Aliyewanunua mwisho akaenda kuwakaanga.
Amenitumia ujumbe kwamba walikuwa na mchanga.

Matumizi.
Umeme. Kitasa. Dawa ya mchwa.
Kreti mbili za soda za mgeni rasmi
ambaye hakufika; soda tukazinywa, deni likabaki.
Mbao nane, nne zilikuwa mbichi, tumeliwa,
risiti ninayo.

Sasa kuna jambo linalonisumbua usiku.
Daftari langu lina safu tano
na zote zimepigwa mstari kwa rula.
Wale vijana wa bodaboda waliopanda darini
usiku wa upepo, wenzao chini
wakimulika paa kwa taa za pikipiki,
petroli ikiteketea bure:
niwaandike wapi?
Na Bi Nyangeta, anayefagia kabla ya adhana
mwaka wa kumi na nne sasa?
Mwezi uliopita nilimfuata na bahasha ndogo.
Hakuisogelea.
"Mkinilipa," akasema, "siku mkikosa
mtaniambia nisije."
Akaniambia pia ninyanyue miguu, nakanyaga taka.

Bahasha ile nimeirudisha kwenye mapato.
Ndiyo maana hesabu zilizidi kwa elfu kumi
na mkaguzi akanitazama vibaya.

Salio: shilingi elfu saba na mia nne.
Bati la kumi na tisa bado halijapatikana.
Tundu lipo juu ya kabati la vitabu;
tumehamisha kabati.
Sasa tundu lipo juu ya meza yangu.

Mwenye swali anyooshe mkono.
Wewe, mtoto, wa nyuma, uliyekuja na mdogo wako mgongoni.
Kesho? Tunafungua, kwa nini tusifungue.
Ukikuta pamefungwa, ufunguo uko
chini ya kopo la rangi,
na hiyo ni siri ya kamati
ambayo Nansio nzima inaifahamu.